Mtu Asiye na Wafu

Jumapili, 19 Januari 2025

Leo nimemwaibisha mtu kanisani, na nilifurahi mpaka nilipofika kituo cha basi.

Mtu mwenyewe ni Kipchumba, mume wa marehemu dada yangu. Aliondoka hapa Birmingham kwenda Minnesota binti yake Jepchirchir akiwa bado anatambaa, wala hakurudi, hata dada alipokufa. Amerudi Novemba iliyopita, ameokoka, na sasa ni Ndugu Ronald. Wakenya wenzetu hukodi ukumbi wa shule kule Shard End kwa ibada. Mimi si muumini. Nilikwenda kwa sababu Jepchirchir, niliyemlea kwa mikono yangu, ana mimba ya miezi sita na aliniomba nimsindikize akasikie ushuhuda wa baba yake.

"Bwana asifiwe," alianza. "Kipchumba alikufa Minnesota, kwenye theluji, chupa mkononi. Anayesimama mbele yenu ni Ronald. Ya kale yamepita."

Nikasimama. "Pole kwa msiba," nikasema. "Sasa tuambie, huyo Kipchumba alizikwa na nani? Maana huku aliacha mtoto, na mtoto hakualikwa matangani."

Ukumbi ulicheka. Hata mzee wa kanisa alijifuta mdomo kwa leso ili asionekane. Ronald alitabasamu kama mtu aliyekanyagwa mguu ndani ya basi na hataki ugomvi. Jepchirchir alijifunika uso.

Kituoni alinisemesha kwa Kiingereza, kama anavyonijibu siku zote ninapomwongelesha Kiswahili. Alisema hakwenda pale kusikiliza mdahalo. "Nilitaka tu kusikia sauti yake, anti."

Mimi sauti yake siikumbuki. Nakumbuka yangu.

Jumatatu, 20 Januari

Mchana kutwa mbele ya televisheni. Marekani wanamwapisha rais mpya ambaye ni yule yule wa zamani, na kila msemaji anatangaza kwamba taifa limeanza upya. Kufika usiku wa manane, watu waliovunja milango ya bunge lao miaka minne iliyopita walikuwa wamesamehewa, wakitoka gerezani wametakata kama waliobatizwa.

Neno kuu la siasa ya nchi ile si uhuru. Ni "tena". Tutakuwa wakubwa tena, tutaamka tena, ni asubuhi tena. Vyama vyote viwili vinalitumia, kila kimoja kikidai kwamba usiku ulikuwa wa mwenzake.

Nimeanza mfululizo wa makala kwa gazeti la Nairobi linalonichapisha kila Jumapili. Hoja yangu ni hii: taifa lile halijifunzi kutubu kwa sababu limejua kuzaliwa upya. Mwanasiasa akikamatwa na uchafu wake, hulia mbele ya kamera, mke kando, na wiki ya pili yeye ni kichanga. Kampuni hufa Ijumaa na kuamka Jumatatu na jina jipya. Mahema yao makubwa ya uamsho yalipigwa kwenye mashamba ambako baadhi ya waimbaji walikuwa mali ya waimbaji wenzao, na watu wakalia, wakazaliwa mara ya pili, wakarudi nyumbani kuwachapa viboko wale wale. Kichanga hashtakiwi.

Nimeipenda sentensi hiyo ya mwisho. Nimeisoma kwa sauti jikoni, peke yangu, mara mbili.

Alhamisi, 30 Januari

Mvua. Darasa langu la jioni la historia lilikuwa na watu wanne. Wawili walilala.

Jumapili, 9 Februari

Kipchumba alikuja nyumbani, hapa Bordesley Green, na sufuria ya pilau iliyofungwa kwa taulo. Jepchirchir alimwalika bila kuniambia. Nilimkuta ameshakaa kwenye kiti changu.

"Shemeji," alisema, "nimesoma makala yako ya kwanza. Unaandika vizuri. Unaandika kama mtu anayechinja."

"Nachinja kilichonona."

Alicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba anajua kucheka. Kabla ya kuondoka hapa alikuwa mwalimu wa sekondari, na tulikuwa tukibishana mpaka dada anatufukuza mezani.

"Ninyi mnaoiangalia Marekani kwa mbali," alisema, "mnaona uongo tu. Mimi nilifika mahali hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Waliniuliza, unakwenda wapi? Basi. Hujui utamu wa kutoulizwa, shemeji. Kwetu mtu akianguka mara moja, hata wajukuu wake wataonyeshwa pale alipoanguka."

Nikamjibu kwa mila yetu, maana nilikuwa nimeshaiandaa kwa makala inayofuata. Kwetu Keiyo, nikamwambia, hatuzaliwi wapya. Mtoto akizaliwa, wanawake wazima huketi na kumwitia majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, wa upande wa baba kwanza, mpaka apige chafya. Jina alilopigia chafya ndilo lake, kwa kuwa huyo ndiye aliyerudi. Basi mtoto wetu anaingia duniani akiwa tayari ni mtu wa fulani, na ya fulani yanamhusu. Huko ndiko kuzaliwa mara ya pili kwenye maana. Kwenu mtu anarudi ili asiulizwe. Kwetu anarudi ili aitike.

"Hayo ni mambo ya mizimu," Kipchumba alisema polepole. "Kanisa halitaki. Nimeyaacha."

"Umeacha vingi. Mizimu ndiyo myepesi."

Jepchirchir aliinuka na tumbo lake, akachukua sahani zetu kabla hatujamaliza kula.

Jumatano, 19 Februari

Makala ya mila ya kuita majina imependwa sana Nairobi. Wasomaji wameniita hazina ya taifa.

Kulikuwa na aya moja niliyoikata. Ilihusu watumwa wa Marekani walioachwa huru, ambao jambo lao la kwanza lilikuwa kulitupa jina la bwana na kujipa jingine. Nao walizaliwa upya, na hakuna mwenye akili anayeweza kusema walikuwa wakikimbia kitu wasichopaswa kukikimbia. Aya ilikuwa nzuri. Niliikata kwa sababu iliharibu hoja. Naandika hapa ili angalau mahali pamoja ijulikane.

Jumanne, 11 Machi

Wazoa taka wa jiji wamegoma kabisa leo. Mtaani kwetu mifuko tayari imefika usawa wa madirisha ya chini.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemaliza makala ya Jumapili na kuituma. Kichwa: "Mtu Asiye na Wafu". Ndani yake kuna mwanamume mmoja, sikumtaja jina, aliyekwenda Minnesota akiwa mume na baba na mwana wa mama mzee kule Tambach, akarudi akiwa si wa mtu yeyote. Mkewe alizikwa bila yeye. Mama yake anamsubiri bila yeye. Niliandika kwamba ndiye Marekani nzima ndani ya koti moja. Nadhani ni makala bora kuliko zote nilizowahi kuandika.

Jumamosi, 15 Machi

Saa nne asubuhi Jepchirchir alipiga simu akilia. Mama yake Kipchumba, Gogo Kobilo, kama kwetu tumwitavyo bibi, amefariki Tambach.

Nilimfariji. Nilisema yote yanayosemwa. Kisha nikakata simu na kubaki nimesimama, maana gazeti la Jumapili hufungwa Jumamosi saa moja jioni. Mhariri wangu huondoa makala kwa ujumbe wa mstari mmoja. Nimewahi kumwomba, na kwa sababu ndogo kuliko hii.

Nilipika. Nilifagia. Nilijiambia kwamba sikumtaja mtu. Nilijiambia kwamba ukweli haungoji matanga yaishe. Nilitafuta, katika kila nilichowahi kusoma, mtu mmoja mwenye heshima ambaye angeniruhusu, na nilimpata, kwa sababu msomaji wa vitabu vingi hakosi wakili.

Saa moja jioni ilipita. Sikutuma ujumbe.

Jumapili, 16 Machi

Imetoka. Kufika adhuhuri ilikuwa kwenye simu ya kila Mkenya wa jiji hili, na hakuna aliyehitaji kuambiwa jina la mwanamume yule.

Jirani yangu Mwatima, Mzanzibari, rafiki yangu wa miaka mingi na msomaji wangu mkali, alinisubiri mlangoni pake kati ya mifuko ya taka.

"Shoga, umeandika hiyo kabla hujajua kuwa mama wa watu kafa, au baada?"

"Kabla."

"Na ulipojua?"

Nikatazama mifuko ya taka.

"Haya," alisema. "Mimi nimefunga, sitaki kuiharibu saumu yangu kwa kukutukana. Njoo baada ya Idi, nitakutukana vizuri."

Akafunga mlango. Jepchirchir hapokei simu zangu.

Jumatano, 19 Machi

Leo wamemzika Gogo Kobilo. Kipchumba hakwenda. Maombi yake ya ukaazi bado yako wizarani hapa. Akitoka nchini, yanafutika. Mbona sikuwahi kuuliza hilo? Na kule Marekani, dada alipokufa, huenda ilikuwa vile vile. Huenda haikuwa. Makala yangu haikuuliza.

Waumini walikusanyika Shard End kutazama mazishi kwenye ukuta wa ukumbi, kupitia simu ya mtu aliyekuwa kando ya kaburi. Nilipanda basi mpaka pale. Mlango ulikuwa wazi kidogo kwa sababu ya joto la watu. Nilimwona Kipchumba amepiga magoti sakafuni, uso karibu na ukuta, na sauti ilipokuwa ikikatika alikuwa akiweka kiganja chake juu ya picha ya jeneza, kana kwamba mtandao ungerudi kwa kuguswa. Jepchirchir alikuwa kando yake, mkono begani.

Mtu asiye na wafu.

Sikuingia. Mama mmoja aliyekuwa akigawa chai alinitambua. Aliuvuta mlango taratibu mpaka ukafungika.

Jumapili, 30 Machi

Siku ya Mama hapa Uingereza. Nimesubiri simu. Mwatima amekwenda kumpikia mwanawe vya Idi, hata matusi yangu sijayapata.

Jumanne, 8 Aprili

Msichana. Mzima, na mama yake mzima. Mume wake, Gurmeet, ndiye aliyenipigia simu kutoka hospitalini, si Jepchirchir. Nilikwenda kwa miguu, sikuweza kungoja basi. Jepchirchir alinitazama, kisha akanipa mtoto.

"Bado nimekukasirikia," alisema.

"Najua."

"Lakini mwanamke mzima wa kwetu hapa ni wewe tu. Nataka aitiwe majina. Kama ulivyoandika."

Ijumaa, 11 Aprili

Naandika polepole, nisije nikajipendelea.

Tulikaa sebuleni kwa Jepchirchir, Northfield, saa tano asubuhi. Jepchirchir na mtoto, Gurmeet, na Mwatima niliyekwenda naye kwa sababu niliogopa kwenda peke yangu. Kipchumba aliitwa, akajibu kwa adabu kwamba mambo hayo ameyaacha, ila anatuombea. Gurmeet alikuwa na hamu kuliko sote. Kwao, alisema, hufungua kitabu kitakatifu na herufi ya kwanza ya ukurasa huanza jina. Alifurahi kwamba mtoto wake atapata njia zote mbili.

Siamini habari hizi. Niliziandika kwa sababu zilikuwa rungu zuri la kumpigia Kipchumba. Lakini nilipompakata mtoto yule nilishusha sauti bila kuamua.

Mila inataka wafu wa upande wa baba kwanza. Gurmeet si wa kwetu, hivyo ukoo ni wa Jepchirchir, yaani wa Kipchumba. Na katika ukoo huo kuna jina ambalo hata anayepita njia angelianza: bibi aliyezikwa mwezi uliopita.

Nikaanza na upande wangu.

"Kabon, ni wewe?" Bibi yangu. Mtoto alipiga miayo.

"Tapkigen, ni wewe?" Mama yangu. Hakuna.

"Kimoi, ni wewe?" Dada yangu. Hapo sikusonga mbele. Nikaliita tena, na tena, karibu na uso wake, kwa pupa, kama mtu anayemwamsha mlevi. Nilimtaka awe dada yangu. Mtoto alinitazama kwa macho yake ya kijivu kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Tulikuwa tunatumia ugoro," nilisema. "Kidogo tu, karibu na pua."

"Nenda na ugoro wako huko," alisema Mwatima. "Mtoto mchanga! Nitakuitia polisi."

Gurmeet alicheka. Jepchirchir hakucheka.

"Anti, na upande wa baba?"

"Majina ya wafu wao siyajui," nikasema. "Hayo ni majina ya ndani. Sisi ni ukoo mwingine."

Ni uongo. Ya wengine siyajui, ni kweli, lakini la Gogo Kobilo nalijua, limo humu ndani ya shajara hii kwa mwandiko wangu. Jepchirchir alilelewa Birmingham. Anajua kwamba kuna majina ya kuitwa, ila alidhani Kobilo ni jina la kawaida tu la bibi yake, kama Jemima lilivyo langu; hakujua kuwa ndilo bibi mwenyewe alilopigia chafya. Hakuwa na njia ya kunikamata.

Sikulificha kwa chuki. Ningependa iwe chuki. Chuki naijua kuitetea. Nililificha kwa sababu kulitamka mbele yao kulikuwa kumtamka yule mama aliyekuwa maiti nilipokuwa nikifagia jikoni na kungoja saa ya gazeti ipite.

Mimi niliyewaambia watu wa nchi nzima kwamba kwetu mtu hurudi ili aitike. Nilimziba mdomo mwitaji, na mwitaji ni mimi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mtoto bado anaitwa "mtoto". Panya wamefika hadi kwenye ngazi zangu. Mwatima amenitukana hatimaye, kwa ufasaha, na mwisho akaniuliza: "Wewe kweli huyajui hayo majina?" Nikasema siyajui. Mara ya pili ni rahisi.

Alhamisi, 17 Aprili

Jepchirchir alitaka kuoga na kulala kidogo, nikaachwa na mtoto sebuleni. Mchana, jua kali, madirisha wazi. Nilimlaza mapajani. Sikuwa nimepanga kitu.

"Nisamehe," nilimwambia kwa Kikeiyo, lugha ambayo sijaitumia kwa mtu aliye hai tangu dada afe. "Uliitwa na mtu mwoga." Kisha, kwa sauti ya chini, "Kobilo. Ni wewe?"

Akapiga chafya. Akakunja uso, akashangaa, akapiga nyingine.

Nawajua watakaosema vumbi, chavua, dirisha. Ningesema hivyo mimi mwenyewe, na kwa makala nzima. Nililitazama lile tumbo dogo likipanda na kushuka, nikaelewa kwamba hakuna aliyesikia ila mimi. Ningeweza kunyamaza mpaka kufa. Wangemtafutia jina zuri, mambo yangeanza upya. Hakuna Mmarekani ambaye angefanya vizuri zaidi.

Jepchirchir alipoamka nilimwambia yote: Jumamosi ya gazeti, uongo wa Ijumaa, chafya. Alinisikiliza akinyonyesha.

"Kwa hiyo ulikuwa unalijua."

"Ndiyo."

"Siku ile ulisimama kumcheka baba mbele ya watu wote," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alisema kwa Kiswahili, kibovu, cha kujikwaa, ili nisipate pa kukwepa. "Na hii pia useme mbele ya watu wote."

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Ukumbi wa Shard End ulijaa. Nilikaa nyuma, Jepchirchir kando yangu na mtoto. Mzee wa kanisa alipouliza nani ana ushuhuda, nilisimama, na nikaona anaangalia kama kuna mkono mwingine wowote. Haukuwepo.

"Dada Jemima," alisema. "Kwa ufupi, tafadhali."

Watu waligeuka. Wengine walikuwa wameshajiandaa kukasirika. Kipchumba alikuwa mstari wa mbele, amevaa suti, hakugeuka.

Maisha yangu yote nimeongea bila karatasi. Leo sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. Nilisema niliandika makala kuhusu mtu huyu. Nilisema nilijua kwamba mama yake amefariki wakati makala bado ingeweza kuondolewa, na sikuiondoa. Nilisema mjukuu wake aliitiwa majina nami nikalificha moja, nikadanganya kwamba silijui. Mtu mmoja alinong'ona, "Majina? Hapa kanisani?"

"Alhamisi nililiita," nikasema. "Mtoto alipiga chafya. Ni Kobilo, Kipchumba."

Jina lake la zamani lilinitoka tu. Mzee wa kanisa alifungua mdomo kukemea. Kipchumba alikuwa tayari amesimama na kugeuka.

"Alipiga mara ngapi?"

Hilo si swali la Ronald.

"Mbili."

Aliweka mkono kwenye mgongo wa kiti. "Mama daima alipiga mbili," alisema. "Tulikuwa tunamcheka. Hata akiwa shambani, ungejua ni yeye." Akaja kupitia katikati ya viti, mbele ya kanisa lake lote, mikono imenyooshwa mbele kama mtu anayepokea maji, na Jepchirchir akamwekea mtoto.

Ndipo mzee wa kanisa, ambaye hakujua afanye nini na jambo hili, akafanya alilozoea. "Aleluya! Dada Jemima ametembea nuruni! Ameokoka!" Ukumbi ukalipuka. Wakapiga makofi, wakaanza wimbo, mama wa chai akanikumbatia na kuninyanyua nusu. Walikuwa wananipa bure kile nilichowachekea tangu Januari: mlango wa kutokea, na kwamba aliyenyamaza Jumamosi ile amekufa. Nikahisi utamu wake. Naandika hili kwa aibu kuliko yote: ulikuwa mtamu mno, na sekunde chache niliuacha uniingie.

"Hapana," nikasema. "Sijaokoka. Ni mimi yule yule."

Hakuna aliyesikia, waliimba kwa nguvu. Kipchumba tu ndiye aliyesikia, kwa kuwa alikuwa karibu, kichwa kimeinamia pua ya mjukuu wake.

"Hata mimi, shemeji," alisema, bila kuinua macho.